Umbo na uwezo wa kuruka wa mbung'o

Umbo na uwezo wa kuruka wa mbung'o ni mada ya elimu ya wadudu inayoeleza jinsi maumbile ya mbung'o, au ndorobo, yanavyoamua kasi, muda na umbali wa kuruka kwake. Mbung'o ni nzi wa jenasi *Glossina*, jenasi pekee iliyo hai katika familia Glossinidae, na karibu wote huishi Afrika kusini kwa Sahara. Dume na jike wote hula damu tu. Hueneza vimelea viitwavyo tripanosoma, vinavyosababisha malale kwa binadamu na nagana kwa ng'ombe na mifugo mingine.

Kwa ufupi, mbung'o huruka kwa nguvu na kasi, lakini hana pumzi ya safari ndefu. Kifua chake kimejaa misuli na mabawa yake ni imara, ila akiba yake ya nishati huisha upesi, na mara nyingi hubeba mzigo mzito wa damu au wa mimba. Udhaifu huo ndio msingi wa karibu kila njia ya kumdhibiti, tangu ufyekaji wa pori hadi vitambaa vyenye dawa.

Sehemu kubwa ya ujuzi huu ilipatikana nchini Tanzania, hasa katika kituo cha utafiti cha Old Shinyanga. Eneo hilo leo ni kata ya Manispaa ya Shinyanga, sawa na Ibadakuli, kata yenye uwanja wa ndege wa Shinyanga.

Maumbile

Mbung'o ni mkubwa kuliko nzi wa nyumbani, au analingana naye kwa spishi ndogo. Urefu wake ni milimita 6 hadi 14 bila kuhesabu mdomo. Rangi yake ni ya kahawia au ya kijivu. Kama wadudu wote, mwili wake una sehemu tatu: kichwa, kifua na tumbo.

Alama nne humtambulisha upesi:

- Mdomo wake mrefu wa kufyonzea huelekea mbele ya kichwa anapopumzika.
- Mabawa hulala moja juu ya jingine mgongoni, kama makali ya mkasi uliofungwa. Nzi wa nyumbani huyaacha yakiwa yametanuka.
- Katikati ya kila bawa, mishipa huzunguka eneo lenye umbo la shoka. Hakuna nzi mwingine mwenye alama hii.
- Vipapasio vina unywele mrefu wenye matawi, na matawi hayo nayo yana matawi madogo.

Nzi wote wana jozi moja tu ya mabawa ya kurukia. Jozi ya pili imegeuka kuwa viungo vidogo mfano wa rungu, viitwavyo halteri. Halteri hupiga pamoja na mabawa na kuujulisha ubongo mwili unapoinama au kugeuka. Nzi aliyeondolewa halteri hupoteza mwelekeo na kuanguka.

Jinsi kifua kinavyopiga mabawa

Misuli mikubwa ya kurukia haikushikamana na mabawa yenyewe. Imeshikamana na kuta za kifua. Kundi moja la misuli husimama wima kati ya mgongo na upande wa chini wa kifua. Likijikaza, paa la kifua hushuka na mabawa huinuka. Kundi la pili hulala kutoka mbele kwenda nyuma. Likijikaza, paa huinuka na mabawa hushuka. Kila kundi likijikaza hulivuta jingine, nalo hujibu bila kungoja amri mpya ya neva. Kwa njia hii amri moja hutosha kwa mapigo mengi, na nzi huweza kupiga mabawa mara nyingi sana kwa sekunde.

Ili mdudu abaki hewani, ni lazima nguvu ya kuinua inayotoka kwenye mabawa ilingane na uzito wake. Hapa ukubwa wa mwili una maana kubwa. Tuchukue nzi wawili wenye umbo moja, wa pili akiwa na urefu mara mbili ya wa kwanza. Eneo la mabawa ya nzi mkubwa litakuwa mara 4 ya mdogo, lakini uzito wake utakuwa mara 8. Kila sehemu ya bawa lake hubeba uzito mara mbili zaidi. Uwiano huu wa uzito kwa eneo la bawa huitwa mzigo wa bawa. Mdudu mwenye mzigo mkubwa wa bawa hulazimika kuruka kwa kasi zaidi, au kutumia nguvu nyingi zaidi ili asianguke.

Uwiano wa pili ni ule wa misuli kwa uzito wote. Vipimo vilivyofanywa kwa wadudu, ndege na popo vimeonesha kwamba mnyama wa kawaida hushindwa kuondoka chini ikiwa misuli yake ya kurukia iko chini ya asilimia 16 hivi ya uzito wote. Mbung'o mwenye njaa ana misuli ya kumtosha na kubaki. Lakini akishiba, misuli ni ileile ilhali uzito umeongezeka maradufu, hivyo ziada ile hupungua sana.

Nishati na muda wa kuruka

Wadudu wengi huruka kwa kuchoma sukari na wanga. Nzige wa safari ndefu huchoma pia mafuta. Mbung'o hali nekta wala matunda, na damu ina sukari kidogo sana ikilinganishwa na protini. Kwa hiyo yeye hutumia prolini, ambayo ni asidi amino, kuwa nishati kuu ya misuli yake. Jambo hili lilifafanuliwa katika miaka ya 1960 na E. Bursell, mwanafiziolojia ambaye awali alifanya kazi Old Shinyanga.

Prolini inapotumika misulini hugeuka kuwa alanini. Alanini husafirishwa hadi kwenye tishu ya mafuta tumboni, ambako huunganishwa na mazao ya mafuta na kuwa prolini tena. Tishu ya mafuta ni kama ghala, na prolini ni kama mkokoteni unaochukua nishati ghalani na kuipeleka misulini. Tatizo ni kwamba mkokoteni huu huenda polepole. Prolini iliyo tayari hutosha dakika chache tu, kisha nzi hana budi kutua na kungoja akiba ijazwe.

Kasi ya mbung'o hewani ni kama mita 5 kwa sekunde, yaani kilomita 18 kwa saa, ambayo ni kasi ya mwendesha baiskeli aliye na haraka. Kwa kawaida mruko mmoja hudumu dakika moja au mbili. Akiruka dakika 2 kwa kasi hiyo, amekwenda mita 600. Jumla ya muda wa kuruka kwa siku nzima ni nusu saa au chini yake. Saa zinazobaki hupumzika chini ya matawi au kwenye magome ya miti.

Kwa kuwa njia yake hupindapinda, umbali kati ya mahali alipoamkia na alipolala mara nyingi ni mita mia kadhaa tu. Joto nalo humwekea mipaka. Kukiwa na baridi misuli haifanyi kazi vizuri, na joto likizidi nyuzi 32 hivi za Selsiasi hujificha katika mashimo ya miti na sehemu nyingine zenye giza na ubaridi. Ndiyo maana wafugaji wengi huona mbung'o wakisumbua zaidi asubuhi na jioni kuliko mchana wa jua kali.

Mzigo wa damu

Mbung'o hula kila baada ya siku 2 hadi 4 hivi. Mlo mmoja unaweza kulingana na uzito wake mwenyewe au kuuzidi. Nzi aliyeshiba huondoka kwa shida, huruka chini chini na kutua kwenye mti wa karibu. Huo ndio wakati wa hatari kwake, kwa sababu hawezi kumkwepa ndege, buibui au mkia wa ng'ombe.

Anazo njia mbili za kupunguza hatari hiyo. Kwanza, huanza mara moja kutoa maji ya damu kwa njia ya mkojo, na katika muda usiozidi nusu saa hivi hupoteza sehemu kubwa ya uzito alioongeza. Pili, mara nyingi baada ya kula hutoa mvumo huku mabawa yakiwa yametulia. Mvumo huo hutokana na misuli ya kifua kutetemeka. Kifua hupata joto, na misuli yenye joto huweza kuinua mzigo mkubwa zaidi.

Mzigo wa mimba

Nzi wengi hutaga mayai kwa mamia. Jike la mbung'o huzaa lava mmoja tu kwa mara moja, kila baada ya siku 9 au 10 hivi, isipokuwa uzazi wa kwanza unaochukua muda mrefu zaidi. Yai huanguliwa ndani ya mji wa mimba, na lava hulishwa kwa maziwa yanayotoka katika tezi maalumu. Akizaliwa, lava anakaribia uzito wa mama yake au hata kumzidi. Hujichimbia udongoni na kuwa pupa katika muda mfupi, bila kula chochote. Nzi mpevu hutoka baada ya mwezi mmoja hivi, kutegemea joto la udongo.

Uzazi huu una matokeo mawili. La kwanza ni kwamba jike hutumia sehemu kubwa ya maisha yake akiwa mzito, kwa hiyo hawezi kupoteza nishati kwa kuruka ovyo. La pili ni kwamba ukubwa wa mtoto huamuliwa na chakula cha mama peke yake. Mama aliyekosa damu ya kutosha, au aliyekumbwa na kiangazi kikali, huzaa lava mdogo, naye hugeuka kuwa nzi mdogo. Nzi akishatoka katika pupa mifupa yake ya nje haikui tena, hivyo urefu wa mabawa hubaki uleule hadi kufa.

Hata hivyo misuli ya kurukia huendelea kukua ndani ya kifua. Nzi aliyetoka katika pupa karibuni ana mwili laini, misuli michache na akiba ndogo ya mafuta iliyobaki kutoka kwa mama. Huhitaji milo kadhaa, katika muda wa wiki moja hivi, kabla misuli yake haijakomaa. Akikosa mnyama wa kumfyonza katika siku za mwanzo, hufa. Nzi wadogo huathirika zaidi kwa sababu akiba yao ya mafuta ni ndogo mno.

Utafiti wa Shinyanga

Katika miaka ya 1920 sehemu kubwa ya Tanganyika haikufaa kwa ng'ombe kwa sababu ya mbung'o. C. F. M. Swynnerton, aliyekuwa afisa mkuu wa kwanza wa wanyamapori wa nchi hiyo, alianzisha majaribio Shinyanga. Baadaye aliongoza idara ya utafiti wa mbung'o yenye makao yake huko. Mahali palifaa kwa sababu spishi tatu zilikuwa jirani: *Glossina morsitans* wa miombo, *Glossina pallidipes* wa vichaka na *Glossina swynnertoni* wa mbuga za migunga. Spishi hii ya mwisho ilipewa jina la Swynnerton mwaka 1923, na inapatikana kaskazini mwa Tanzania na sehemu jirani za Kenya tu. Kitabu chake kikubwa kuhusu mbung'o wa Afrika Mashariki kilitoka mwaka 1936. Alifariki mwaka 1938 katika ajali ya ndege, pamoja na mtaalamu wa mimea B. D. Burtt.

C. H. N. Jackson, mmoja wa watafiti wa Shinyanga, alitaka kujua mbung'o wangapi wamo porini na wanakwenda umbali gani. Nzi walikamatwa kwa nyavu za mkono, wakapakwa nukta ndogo za rangi kifuani kufuatana na tarehe na mahali, kisha wakaachiwa. Idadi ya wenye alama waliokamatwa tena ilionesha ukubwa wa jamii yao, vifo vyao na mwendo wao. Jackson alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa njia hii, ambayo leo hutumika kuhesabu samaki, ndege na wanyama wengine.

Jackson alisoma pia historia ya nzi kwenye mabawa yake. Kingo za bawa huchanika kidogo kidogo kwa kuruka, kama ncha za bendera iliyopigwa na upepo. Aligawa uchakavu huo katika madaraja sita, na kwa madaraja hayo akakadiria wastani wa umri wa madume.

Kazi hizo zilifunua kosa moja la kuhesabu. Wakamataji walitembea njia maalumu porini, na nzi waliowafuata walikuwa madume kwa wingi. Sababu ni kwamba madume hufuata kitu chochote kinachotembea, wakitarajia kuwapata majike wanaokuja kula. Majike mengi hayakuonekana, ingawa yalikuwepo. Tangu hapo watafiti walijua kwamba idadi ya nzi mkononi si lazima iwe picha ya nzi walioko porini.

Mwaka 1961 J. P. Glasgow alichapisha utafiti kuhusu uteuzi wa ukubwa kwa mbung'o. Vipimo vya bawa huwezesha kulinganisha ukubwa wa nzi wachanga na wa wale waliookoka hadi utu uzima. Tafiti za aina hiyo zimeonesha kwamba katika majira magumu wadogo hupungua kuliko wengine.

Kulinganisha na nzi wa matunda

Uhusiano kati ya umbo na uruko umechunguzwa sana kwa nzi wadogo wa matunda wa jenasi *Drosophila*, wanaoonekana juu ya ndizi zilizoiva sana. Hawa wana urefu wa milimita 2 hadi 3 na hupiga mabawa kama mara 200 kwa sekunde. Nishati yao hutoka kwenye wanga uliohifadhiwa mwilini, hivyo huweza kuruka kwa saa kadhaa mfululizo. Majaribio ya kuwaachia jangwani nchini Marekani yalionesha kwamba huweza kuvuka kilomita kadhaa bila chakula wala maji njiani.

Nzi wakubwa wa matunda wa familia Tephritidae, wanaoharibu maembe na mapera, nao huweza kwenda mbali. Nzi wa matunda wa Asia, *Bactrocera dorsalis*, aligunduliwa Kenya mwaka 2003 na kwa muda mfupi akaenea Tanzania na nchi nyingi za Afrika, akisaidiwa pia na biashara ya matunda.

Mbung'o ni mkubwa na mwenye kasi kuliko *Drosophila*, lakini mdogo humshinda kwa uvumilivu. Hivyo ukubwa wa mwili peke yake hautoshi kueleza uwezo wa kuruka. Ni lazima kuangalia pia chakula, akiba na mzigo.

Matumizi katika udhibiti

*Kufyeka pori.* Mbung'o asiyeweza kuruka mbali anahitaji kivuli cha kupumzikia kila baada ya mruko mfupi. Watafiti wa Shinyanga walitumia udhaifu huu. Wasukuma walikusanywa kwa maelfu kufyeka vichaka na miti, ama pori zima, ama aina za mimea ambazo mbung'o walizitegemea zaidi. Maeneo mapana yaliyofyekwa yaliwazuia nzi kurudi kwa mabawa yao. Lakini dume linaweza kupanda juu ya ng'ombe, baiskeli au gari na kubebwa kilomita nyingi bila kutumia nishati. Kwa sababu hiyo viliwekwa vituo barabarani ambako wasafiri, mifugo na magari vilikaguliwa.

*Vitambaa na mitego.* Mbung'o huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi, na spishi za mbugani huvutwa pia na harufu ya ng'ombe. Kitambaa kilichotiwa dawa ya wadudu humuua anapokigusa. Kwa spishi za mbugani, vitambaa 4 tu kwa kila kilomita ya mraba, vikiwa na harufu, vimetosha kuwamaliza katika maeneo fulani. Idadi ndogo hiyo inatosha kwa sababu nzi hubadilisha mahali kila siku, na jike huzaa taratibu kiasi kwamba vifo vichache vya ziada kila siku hupunguza jamii yote.

*Madume tasa.* Katika kisiwa cha Unguja, spishi *Glossina austeni* ilitokomezwa kwa kuachia kutoka angani madume yaliyozalishwa Tanga na kufanywa tasa kwa mionzi. Nzi wa porini wa mwisho alinaswa mwaka 1996. Mafanikio ya njia hii hutegemea uwezo wa kuruka, kwani dume lisiloweza kumfikia jike halina faida. Katika kuzalisha wadudu tasa hupimwa sampuli ya nzi ndani ya bomba wima lililopakwa unga laini unaoteleza. Asiyeruka hawezi kupanda ukutani, hivyo wanaotoka ndio huhesabiwa kuwa wazima. Kipimo cha namna hii hutumika sana kwa nzi wa matunda.

Athari kwa mazingira ya Shinyanga

Ufyekaji ulifungua malisho na mashamba, na mifugo iliongezeka. Hata hivyo miti iliyoondolewa haikurudishwa. Ufyekaji huo ukaungana na kilimo cha pamba, wingi wa ng'ombe, ukataji wa kuni na uhamisho wa watu katika vijiji vya miaka ya 1970. Kufikia miaka ya 1980 sehemu kubwa za mkoa zilikuwa hazina miti, udongo umechoka, na kuni zikitafutwa mbali.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI. Mradi ulihimiza ngitili, desturi ya Wasukuma ya kutenga eneo la malisho wakati wa mvua ili majani yatumike kiangazi. Katika ngitili nyingi miti ya asili iliota tena kutoka kwenye visiki na mizizi, na maelfu ya hekta yakarudi kuwa na uoto.

Historia hii huonesha pande mbili za elimu ileile. Kujua kwamba mbung'o hawezi kuruka mbali kuliwapa watu njia ya kumshinda kwa shoka. Vitambaa vyenye dawa na kuogesha ng'ombe hutumia udhaifu huohuo, ila huacha miti ikiwa imesimama.

Tazama pia

- Malale
- Nagana
- Ngitili
- Nzi wa matunda
- Manispaa ya Shinyanga